Hodi Tatu kwa Bi Namkunda

1.
OFISI YA MTENDAJI WA KIJIJI
TANGAZO

Moto wa msituni umevuka mto, unapanda kuelekea Kitongoji cha Mtambani. Wakazi wote mnaagizwa kuhamia uwanja wa shule MARA MOJA. Zimeni majiko. Jifungeni kitambaa kibichi puani. Sikilizeni redio. Mgambo atapita nyumba kwa nyumba.

2.
Mgambo ndiye mimi, Mbwambo. Nyumba ya mwisho ni ya Bi Namkunda, mjane, peke yake kule juu.

"Hodi!"



"Hodi wenyewe!"



"Hodi!"

Hodi ni tatu. Usipojibiwa unaondoka. Ndivyo tulivyolelewa.

Nikaondoka.

3.
Mimi Namkunda nilisikia. Ya kwanza tu, nikasikia! Tangu Idi hajabisha mtu hapa, na mie nimevaa gauni la shambani. Mgeni hapokelewi hivyo. "Karibu, subiri kidogo baba," nikasema, lakini sauti ya mtu asiye na wa kuongea naye hupungua. Nikajitanda kanga mpya, nikatoka.

Uani hakuna mtu.

Moshi upo, ila kipindi hiki kila mtu anachoma shamba. Redio betri zimekufa. Atarudi tu. Acha niwashe jiko, nibandike chai.

4.
(uwanjani, Mtendaji na Mbwambo)

"Mtambani wamefika wote?"
"Wote."
"Bi Namkunda je?"
"Nimebisha, hayupo. Atakuwa kwa mwanawe, Same."
"Mwanawe yupi, Mbwambo? Si tulimzika mwaka juzi? Na jeneza ulibeba wewe."

5.
OFISI YA MTENDAJI WA KIJIJI
TANGAZO

Wakazi wote wa Mtambani wako salama. Tunawashukuru kwa ushiriki

(kalamu iliishia hapo)

6.
Wewe unayesoma, mimi Mbwambo nakuuliza: ungeusukuma mlango wa mwanamke anayeishi peke yake, hujakaribishwa? Usinijibu kwa upole. Upepo umegeuka, nami nakimbia kupanda kurudi kwake, naona haya kuliko ninavyoogopa. Tulimsahau. Macho yanawaka, njia siioni, naita Bi Namkunda, Bi Namk

7.
Chai imeiva. Nimemimina vikombe viwili.

Moshi umezidi, umeingia hadi chumbani. Kuku wameshakimbilia upande wa shule, na mimi miguu inaniambia niwafuate.

Lakini nikitoka sasa, mgeni akija asinikute?

Nitamsubiri kidogo.

Kidogo tu.