Kitambaa Chekundu Kwenye Propela

Vitambaa nilivyogawa jana yake vilikuwa vitano. Asubuhi, kwenye kamba ya kuanikia nyuma ya banda la ndege, nilivikuta sita.

Nikavihesabu tena kwa kuvigusa kimoja kimoja, kama mtu anayehesabu vifaranga. Sita. Vyote vyekundu, vyote vimetoka kwenye pazia moja, lile la ofisini lililoshushwa mwaka jana likakatwa vipande. Nusu ya chini nilipewa mimi ya kufutia vioo. Nusu ya juu, yenye matundu ya bati ya kupitishia ndoano, aliichukua Fundi. Na hiki cha sita kilikuwa na tundu la bati pembeni. Nikalishika lile tundu kwa vidole viwili.

Zamani, kabla chuo chetu cha urubani hakijaanza kuyumba, ndege ikiharibika Fundi aliandika ubovu wake kwenye daftari kubwa, kisha akatundika kibao chekundu kwenye propela. Daftari likajaa, jipya halikununuliwa. Vibao vikavunjika kimoja baada ya kingine. Fundi si mtu wa maneno mengi, akachana pazia. Kitambaa chake kikiwa kwenye propela, hata uwe nani hupandi. Kikitoka, maana yake kazi imekwisha na ndege ni nzima. Sheria yenyewe aliipaka ukutani kwa rangi nyeupe, herufi kubwa hata mimi niliyeishia darasa la saba naisoma toka getini: ALIYEFUNGA NDIYE ANAYEFUNGUA.

Mimi nilikuwa nimefungua.

Ilikuwa hivi. Mkurugenzi alitangaza kwamba kuna mgeni anakuja, mtu mwenye uwezo, na akiridhika atakinunua chuo na madeni yake yote. Akasema hataki kuona hata alama ya kidole kwenye ndege. Wafagiaji tulikuwa watatu, nimebaki peke yangu, kwa hiyo wanafunzi wakaambiwa wanisaidie. Walifuta huku wakicheka, wakiniita Da' Dekio kama kawaida yao, na walipochoka kila mmoja akafunga kitambaa chake popote alipoona kitakauka: kwenye bawa, kwenye gurudumu, kwenye kishikio cha mlango. Jioni nikapita nyuma yao nikikusanya, akili yangu iko kwenye sakafu ambayo sijaideki. Kimoja kilikuwa kwenye propela ya ndege tuliyoiita Mwali, kimerushiwa maji mpaka kimelowa kama vingine, fundo limekaza. Nililifungua kwa meno. Ladha ya bati niliikumbuka sasa.

Ndege zetu zilikuwa tatu na zote zilikuwa na majina ya utani. Bi Kizee hakuwa na injini, alibaki kwa heshima tu. Kobe alikuwa mzito wa kupaa. Mwali ndiye aliyekuwa na rangi isiyochubuka, kwa hiyo ndiye aliyechaguliwa aonyeshwe kwa mgeni. Na aliyepangiwa kumrusha saa nne asubuhi, peke yake kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alikuwa kaka yangu.

Mama aliuza kiwanja alichoachiwa na baba ili kaka awe rubani. Mimi nilipomaliza la saba, mama alisema mshika mbili moja humponyoka, akanitafutia kazi hapohapo chuoni, nusu ya mshahara wangu ikatwe kulipia saa za kaka angani. Sikununa. Kaka alipopaa na mwalimu wake, mimi chini na ndoo yangu nilikuwa nikijiambia, pale kwenye bawa la kushoto pana jasho langu. Lakini miezi minne sasa kaka alikuwa hajapaa vya kutosha, mafuta hakuna. Siku hiyo yalipatikana ya kuruka mara moja tu.

Nilimfuata Mwalimu kwanza. Walimu walikuwa wanne, wengine wameshaondoka, huyu alibaki kwa sababu aliahidiwa kwamba mgeni akinunua chuo hatamwachisha kazi. Nikamwonyesha kitambaa. Akasema juzi alikiona kwenye Mwali, leo asubuhi hakukiona, akajua Fundi amemaliza. Nikamwambia Fundi hajatia mguu hapa siku ya tatu leo, tangu walipokosana na Mkurugenzi juu ya mshahara, na kwamba aliyekitoa ni mimi. Mwalimu alikitazama kile kitambaa kama nimemletea nyoka kwenye sahani. Akasema ameizunguka ndege alfajiri, ameuchezesha mkia kwa mkono wake, mzima kabisa. Mwisho akaniambia niende kwa Mkurugenzi, ila nisiseme nimepitia kwake.

Mkurugenzi alikuwa akimmiminia mgeni chai. Nilisimama mlangoni mpaka akaniona, akatoka, akanivuta kwenye kona ya tangi la maji. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikemea, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Mwanangu," akasema, "unajua kaka yako ana saa ngapi kwenye vitabu vyetu?"

"Sijui, mzee."

"Thelathini na nane. Mgeni akiondoka leo bila kuona ndege ikipaa, tunafunga, na hizo saa ni karatasi za kufungia karanga. Mama yako utamwambia nini?"

Akasema Fundi ana hasira zake za mshahara, kitambaa kile ni kisirani tu. Halafu akanikumbusha kwamba kwenye choo cha wageni kuna alama ya kiatu.

Nikaenda nikadeki choo. Najua inavyosikika, lakini mtu aliyezoea kutumwa miguu yake hutii kabla ya kichwa. Nilideki mahali palepale, alama ilikwisha kutoka, naendelea kusugua. Nilimpigia Fundi mara nne, simu ikaita tu. Nikajiambia labda kweli ni kisirani. Nikajiambia Mwalimu ni msomi, ameuchezesha mkia. Nikamwona mama, na kiwanja chenye nyumba ya watu wengine sasa. Ukimya wangu ungempa kaka kazi, na mdomo wangu ungemnyang'anya. Au ukimya wangu ungemuua. Sikujua kipi, na hakuna aliyekuwa akijua ila mtu mmoja asiyepokea simu.

Ndipo nikasikia injini ya Mwali ikiwaka.

Dekio nililiacha limelala mlangoni. Nilipita nyuma ya banda, nikakinyakua kitambaa kwenye kamba nilipokuwa nimekirudisha, bado kibichi, nikakimbia. Mwali alikuwa ameshatoka kivulini, anajongea taratibu kuelekea njia ya kurukia. Wanafunzi walikuwa wamejipanga kwenye ukuta na simu zao, wanapiga picha. Nilipita mbele yao nikasimama katikati ya lami, mbele ya ndege, nikakiinua kitambaa juu kwa mikono miwili.

Ukitazama propela inayozunguka kwa mbele, huoni kitu. Ni duara la ukungu tu, na nyuma ya ule ukungu, kwenye kioo, uso wa kaka yangu. Mngurumo niliusikia mbavuni. Alinipungia mkono: toka. Sikutoka. Akapunga tena, kwa hasira. Ndege haikusimama. Niliyaona macho yake yakienda kulia, yakarudi kwangu, yakaenda kulia tena.

Nikakaa chini. Wanafunzi baadaye walisema ni ushujaa. Si kweli, magoti ndiyo yaliyokaa, mimi niliyafuata. Nikafumba macho, nikakibana kitambaa kifuani, nikahesabu. Sijui nilihesabu nini. Nilipofika kumi na moja, mngurumo ulikatika.

Nilipofumbua macho, propela ilikuwa imesimama hatua kama sita kutoka usoni pangu. Mmoja wa wanafunzi akasema Da' Dekio kasahau ndoo yake ndani ya ndege, wenzake wakaangua kicheko. Kaka aliruka chini, akaja mpaka karibu yangu.

"Unanifanya nini?" aliniuliza kwa sauti ndogo. "Leo? Leo kweli?"

Niliinuka, nikampita, nikafunga kitambaa kwenye propela. Fundo nililikaza kwa meno.

Mkurugenzi alifika akihema, mgeni nyuma yake na kikombe bado mkononi. Mkurugenzi alicheka kwanza. Alimweleza mgeni kwamba huyu ni dada wa rubani, damu nzito kuliko maji, ameingiwa na hofu. Kisha akanigeukia, akanyoosha kidole kwenye maandishi ya ukutani.

"Umeifunga mwenyewe, tumekuona wote. Basi kwa sheria yetu, ifungue mwenyewe."

Wanafunzi wakacheka tena. Nilitamani lami inimeze. Nikasema, na sauti ikatoka kama ya mtoto, "Mimi nimekirudisha tu, mzee. Aliyekifunga ni Fundi. Nilikitoa jana kwa makosa."

Hapo kicheko kikaisha, kwa sababu kila mwanafunzi pale alikumbuka alichokuwa akifanya jana na vitambaa. Kaka alinitazama, akaitazama propela. Mgeni akaligusa lile tundu la bati kwa ncha ya kidole, akauliza huyo Fundi yuko wapi. Mkurugenzi akasema yuko likizo. Mimi nikasema anaziba pancha kwenye gereji ya pikipiki pale njia panda. Mwalimu, aliyekuwa amesimama nyuma ya wanafunzi, akatoa ufunguo wa pikipiki yake mfukoni akaondoka bila kuaga.

Tulingoja. Jua likawa kali, hakuna aliyeingia kivulini. Na mimi hofu yangu ikageuka sura. Sasa niliogopa kwamba Mwali ni mzima. Kama ni mzima, basi nimekiua chuo kwa mikono yangu, nimemdhalilisha kaka mbele ya watu, nimekiuza kiwanja cha mama mara ya pili. Nikajikuta naomba awe mbovu. Mungu anisamehe, niliomba kwa moyo wote ndege ya kaka yangu iwe mbovu.

Fundi alishuka kwenye pikipiki mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Hakumsalimia Mkurugenzi. Alikwenda moja kwa moja kwenye propela.

"Fundo hili si langu," akasema.

Nikamweleza. Nilimweleza yote, na pazia, na meno. Kisha akatoa bisibisi, akaenda mkiani, akafungua kifuniko kidogo cha bati, skrubu moja baada ya nyingine, akiziweka mdomoni kama fundi cherehani na pini zake. Alipomaliza hakumwita Mkurugenzi wala mgeni. Alimwita kaka.

Na mimi nikachungulia begani kwa kaka. Ndani mle, pale fimbo ya chuma inayouendesha mkia inapoungana na nyingine, palitakiwa kuwe na bolti nene kama kidole. Palikuwa na waya. Waya wa kufungia ua, umezungushwa mara mbili, ncha zimesokotwa.

"Huyu amekopesha," Fundi akasema. Kobe alikuwa na mwanafunzi wa mtihani wiki iliyopita, bolti yake imeliwa, mpya ameiomba mara tatu hakupewa. Akaazima ya Mwali. Waya aliuweka ili mkia usining'inie tu humo bandani. Ndiyo maana akamfunga kitambaa.

"Mbona nimeuchezesha ukakubali?" kaka akauliza.

"Chini utakubali. Juu, upepo unauvuta. Waya ungekatika ukishafika kimo cha lile tangi, usingekuwa na cha kushika."

Mwalimu alikwenda nyuma ya banda, tukamsikia akitapika.

Mgeni alimpa kila mtu mkono, hata mimi niliyelowa, akaweka kikombe juu ya tairi la Kobe, akaingia kwenye gari lake. Mkurugenzi hakunifokea. Alikaa palepale kwenye tairi, akakichukua kile kikombe, akawa anakigeuza mikononi. Siku ya nne getini pakawa na kufuli. Saa thelathini na nane za kaka, mpaka leo hakuna anayejua kama chuo kingine kitazikubali.

Siku tatu hizo kaka hakuniambia neno. Mama alidhani ni huzuni ya chuo, akamwacha. Siku ya kufuli jioni, tukiwa tumekaa kwenye mkeka, mama yuko jikoni, kaka akasema bila kunitazama:

"Nilitaka kukupita. Ulipokaa chini. Lami ilikuwa pana upande wa kulia."

"Najua," nikamwambia. "Niliyaona macho yako."

Akaikalia mikono yake, kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa wadogo na baba akiuliza nani kavunja kitu. Mama akatoka jikoni na birika, akauliza tunanong'ona nini. Kaka akasema hakuna kitu, mama, akaomba chai. Habari ya waya hatukumwambia. Kaka alikipokea kikombe kwa mikono miwili, na hata hivyo chai ilimwagika.