Kadi Isiyotoka

Wakwepa nauli wa treni nawajua nje ndani. Yupo anayejibandika mgongoni mwa mwenzake lango likifunguka, yupo anayeruka, na yupo anayeanza kulia kabla hujamuuliza kitu. Siku hizi hata presha hawanipandishi.

Lakini kuna kadi moja ilinitoa jasho. Kila asubuhi iligusishwa kwenye lango la kuingilia kituoni kwetu, na hakuna kituo ilikogusishwa kutoka. Mashine ikawa inaikata nauli ya safari ndefu kuliko zote, na sasa ilikuwa inataka kuifunga kabisa. Kwenye skrini hakuna jina, ni namba tu. Bosi akanituma nimkamate mwenyewe.

Nikajibanza nyuma ya nguzo. Akaja mama mkwe wangu.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mkwe unamkamataje? Akagusisha kadi ile. Lango likafunguka, yeye hakupita. Alisimama pembeni mpaka likajifunga, ndipo akatoa kadi nyingine akapita nayo.

Nikapanda naye treni, nikakaa kwa adabu zangu zote.

"Shikamoo mama. Ile kadi ya kwanza ni ya nani?"

"Marahaba mwanangu. Ya baba mkwe wako."

Mzee alifariki mwaka jana, ndani ya treni hii hii, wakienda pamoja kwenye duka lao la ushonaji. Alitolewa kwa machela kupitia mlango wa wafanyakazi.

"Mama, kadi ikiingia lazima itoke. Leo wanaifunga."

"Tuliingia wote. Yeye hakutoka. Sasa niidanganye mashine yenu?"

Miaka yote nimewinda watu wanaoiibia mashine, na huyu alikuwa anailipa zaidi ili asiidanganye. Nilimtazama, mwembamba, mkoba magotini, nikajiona mdogo kama sisimizi.

"Wakiifunga?" akauliza.

"Kesho lango halitamfungukia."

Akaiweka kadi ile juu ya mkoba, akaishikilia njia nzima. Tulipofika, akanikabidhi kadi kwenye lango la kutokea.

"Basi mtoe wewe. Mimi mkono haunyanyuki."

Nikaigusisha. Lango likafunguka. Foleni nyuma yangu ikaanza kuguna, mmoja akafoka, "Pita basi, kaka!"

Sikupita. Nilivua kofia yangu ya kazi, nikasogea pembeni, nikampisha mzee.