Betri za Ochanda Jikoni

Eucabeth aliinama kupuliza jiko akakuta mumewe, Ochanda, mlinzi wa duka la Haresh hapo Ogembo, amepanga betri mbili za tochi kando ya makaa.

"Baba Anyiko, leo tunakula betri?"

"Zimeisha nguvu. Nazipasha moto zinisukume mpaka asubuhi."

"Zikilipuka utalinda duka kwa macho ya nani?"

Eucabeth akazitoa kwa koleo. Moja ilishavimba, inavuja maji meusi. Ochanda akanywea; bila tochi hangeweza kwenda kazini.

"Wahi dukani kabla Haresh hajafunga, ununue mpya mbili. Ukichanganya mpya na mzee kama huyu, atamnyonya mwenzake."

"Kama mimi na wewe?"

"Angalau unajijua. Kimbia!"

Ochanda akatoka mbio, anacheka.