Spika za Dereva

Spika ya kwanza aliyoifungua Fundi Sikio ilikuwa na tundu katikati ya karatasi yake, tundu la ukubwa wa ngumi ya mtu mzima, na pembeni mwa tundu palikuwa na damu iliyokauka. Fundi aliinua macho akamtazama mwenye nyumba.

"Ilianguka," akasema mwenye nyumba.

Mwenye nyumba huyo alikuwa dereva wa lori la mchanga, mtu wa miraba minne, lakini sauti yake ilikuwa ya chini na laini hata ilibidi umsogelee ndipo umsikie. Mtaa mzima walimwita Dereva, kana kwamba hapakuwa na dereva mwingine duniani. Fundi naye jina la Sikio alilipata kazini. Akiletewa redio mbovu aliiwasha, akaitegea sikio, na kabla hajagusa bisibisi alishakwambia ugonjwa wake. Miaka ishirini na saba ya kuingia nyumba za watu ilikuwa imemfundisha pia kutouliza mambo ya ndani. Kama spika ilianguka, basi ilianguka.

"Shida yenyewe hasa ni nini?"

"Nikiweka sauti ya chini, safi kabisa. Nikipandisha, inakwaruza. Nataka niipandishe mpaka mwisho, na bado iwe safi."

Fundi akawasha ile spika iliyobaki nzima. Sauti ilipofika nusu, waimbaji wakaanza kutoa mikwaruzo kama bati linaloburutwa sakafuni, na vioo vya kabati vikatetemeka. Akazima.

"Amplifaya yako ni ndogo. Wewe ni dereva, utanielewa. Chukua pikapu, ipakie mchanga wa lori zima, halafu ikanyage mafuta kupanda mlima. Itafanyaje?"

"Itaungua."

"Basi hicho unachosikia ni kitu kinachoungua."

Dereva akacheka, akampiga fundi kofi la urafiki begani, kofi lililomsogeza hatua nzima.

Mke wake aliingia na maji ya kunywa kwenye sinia. Alikuwa mshonaji, cherehani yake iko pale pale sebuleni chini ya dirisha. Siku hiyo alikuwa amevuta mtandio mpaka shavuni, ingawa joto lilikuwa la kumfanya mtu avue shati. Alipoinama kuweka glasi, maji kidogo yakamwagikia waya. Dereva alimshika mkewe kifundo cha mkono, akakibana, huku akiendelea kumuuliza fundi habari za unene wa nyaya. Vidole vya yule mama vikageuka vyeupe. Dereva akauliza swali la pili, akasikiliza jibu lote, ndipo akamwachia.

"Samahani, shemeji," mama akamwambia fundi.

"Hakuna neno, shemeji," fundi akajibu, macho yake kwenye skrubu.

Jumamosi iliyofuata alirudi na vifaa. Alifunga amplifaya yenye nguvu mara nne ya ile ya zamani. Alitoa zile nyaya nyembamba kama nywele akaweka nene. Alibadilisha karatasi za spika zote mbili, akazishusha kabatini na kuzisimamisha sakafuni juu ya vipande vya mpira, mbali na pembe za ukuta, ili besi isivume ovyo. Hata vioo vya dirisha alivikaza visitetemeke. Kazi ilimkolea mpaka akawa anapiga mluzi. Saa nane mchana kila kitu kilikuwa tayari.

"Twende tujaribu," Dereva akasema. Kisha akamgeukia mkewe. "Ingia chumbani, funga mlango. Nikiwasha, uniite. Upaze sauti."

Mke akaenda. Dereva akawasha, akapandisha mpaka mwisho. Nyumba ikajaa sauti, nzito chini na safi juu, kila ala ikisikika peke yake. Akamshika fundi mkono wakatoka hadi barabarani.

"Unasikia nini?"

"Muziki."

"Kingine?"

"Muziki tu."

Wakarudi, wakasimama sebuleni, hatua nne kutoka mlango wa chumbani. Dereva akamuuliza tena kwa ishara. Fundi akatikisa kichwa, hasikii kingine. Akainama kwenye sikio la mwenyeji wake, akapaza sauti. "Kwani unapima nini?"

"Napima kuta."

Fundi akacheka kwa adabu tu. Dereva akazima ghafla, na kutoka chumbani sauti ya mke wake ikasikika, imekauka, bado inaita: "Nipo, baba. Nipo. Nipo." Hakuwa amejua kwamba muziki umekwisha.

Fundi akafungasha vyombo vyake. Aliaga, akaenda hadi kwenye kibanda chake cha kazi, akafungua redio ya mtu mwingine, akaifunga bila kuigusa. Ile sauti ya "nipo" haikumtoka. Mwishowe akajidanganya kwamba amesahau koleo. Koleo lilikuwa mfukoni mwake, linamgusa paja kila alipopiga hatua, naye akazidi kwenda.

Alianza kuusikia muziki kutoka mwanzo wa mtaa. Ulikuwa safi. Kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, alijisikia fahari.

Jirani wa Dereva, nesi mmoja mnene aliyekuwa mapumzikoni siku hiyo, alikuwa akianika nguo.

"Fundi, umetuweza," akasema bila kumtazama.

"Inakusumbua?"

"Zamani ilikuwa inakwaruza. Katikati ya ule mkwaruzo ulikuwa unamsikiasikia mtu. Sasa umetengeneza vizuri." Akakung'uta shuka. "Mimi ikiwashwa huwa naingia ndani nafunga mlango. Leo nimechelewa na nguo."

Fundi akagonga mlango wa Dereva kwa ngumi mbili, lakini hata yeye mwenyewe hakusikia kugonga huko. Akausukuma kwa bega, haukufunguka. Hapo ukutani, kando ya mlango, palikuwa na sanduku la chuma lenye mita na swichi kuu. Akalifungua, akaingiza mkono, akavuta swichi chini.

Muziki ukakatika. Ndani kitu kiliendelea kupigwa, taratibu, kama mtu anayekung'uta godoro, na kwa kila pigo mwanamke alitoa mlio mfupi. Mtaa mzima ukasikia. Mwenye duka la ng'ambo akatoka. Wanaume waliokuwa wakicheza bao wakageuka.

Mlango ukafunguliwa. Dereva alikuwa kifua wazi, ameshika kipande cha rula ya mbao ya mkewe, ya kupimia nguo. Kipande kingine hakikuwepo. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimechubuka.

"Washa," akasema kwa ile sauti yake laini.

"Siwashi."

Mkono wa fundi ulikuwa bado ndani ya sanduku. Dereva akakishika kifuniko cha chuma, akakibamiza juu yake. Mfupa ukalia. Akakifungua, akabamiza tena. Fundi akapiga magoti. Dereva akamshika kisogo akamgonga uso ukutani, na fundi akasikia jino linamwachia, mdomo ukajaa damu ya moto. Alikuwa anavutwa kwa pigo la tatu pale nesi alipofika na ndoo ya bati iliyojaa maji, akampiga Dereva nayo sikioni, pamoja na maji yake.

Hapo ndipo wanaume wakaja. Wote waliokuwa wakijitia hamnazo miaka yote, sasa walimwangukia Dereva kwa mateke na mawe, kila mmoja akitaka aonekane wa kwanza. Mmoja alikuja na tofali. Nesi akasimama katikati, miguu huku na huku ya yule mtu aliyelala.

"Mkimuua, mtamwambia nini mkewe? Kwamba leo ndiyo mmesikia?"

Aliyeshika tofali akaliweka chini. Wakamfunga Dereva mikono kwa kamba ya kuanikia nguo.

Fundi akaingia ndani. Mshonaji alikuwa chini ya cherehani, amejikunja, mkono mmoja umepinda mahali pasipo na kiwiko, taya limeenda upande. Katika mkono mzima alikuwa na mkasi, na ncha yake ilimwelekea fundi.

"Ni mimi, shemeji. Ni fundi."

"Najua," akasema kupitia damu. Hakuushusha mkasi. Ikabidi fundi atoke kinyumenyume na kumwacha nesi aingie.

Kesi ilisikilizwa miezi mitano baadaye. Majirani walikuja mmoja mmoja wakasema muziki ulikuwa mkubwa, hawakusikia chochote. Ndugu za Dereva walisema shemeji yao ana kifafa, huanguka. Fundi akapanda kizimbani na mkono wake uliofungwa, akaeleza jaribio lile lote, alisimamishwa wapi, aliulizwa nini, alijibu nini.

"Siku ile, ulipoitwa kupima, ulielewa kinachopimwa?" hakimu akamuuliza.

Angeweza kusema hapana, na hakuna ambaye angembishia.

"Nilielewa, mheshimiwa. Nikafungasha vyombo nikaondoka."

Ukumbini watu wakanung'unika. Nesi, aliyekuwa bado hajaitwa, akainamisha kichwa, na zamu yake ilipofika alisema ukweli wa miaka minne, kwa tarehe. Dereva akahukumiwa kifungo cha miaka kumi na moja. Alipopitishwa mbele ya fundi alisema neno, lakini kwa sauti ya chini mno, na fundi hakumsogelea ili amsikie.

Vidole viwili vya fundi havikukunjika tena. Alijifunza upya kushika bisibisi kwa mkono wa kushoto, kazi ya saa moja ikawa ya siku nzima.

Nje ya mahakama mshonaji alimfuata kwenye ngazi, ameegemea bega la dada yake. Taya lilikuwa limepona vibaya, alizungumza polepole.

"Sijakusamehe, shemeji."

"Sawa, shemeji."

"Lakini ulizima."

Dada yake akamvuta taratibu, wakashuka. Fundi alibaki amesimama pale pale mpaka walipopata gari, wakaingia, na mlango ukafungwa.