Vicheko Vilivyochelewa

Msusi alikuwa ameanza mstari wa tatu kichwani mwa mwalimu wa hesabu alipoangua kicheko. Hakuna aliyekuwa amesema neno. Mwalimu akajitazama kwenye kioo.

"Kichwa changu kina nini?"

"Hakina kitu, mwalimu. Nacheka alichosema mume wangu siku tulipohamia hapa."

Walikuwa wamehamia miaka mingi nyuma. Kicheko kilitoka na joto kama la kikaushio cha nywele, kikapita dirishani, kikavuka barabara hadi gereji, mumewe alikokuwa amelala chini ya lori. Kikampuliza usoni.

"Ahsante," akasema, akaendelea kukaza nati.

Msusi alikuwa mgonjwa wa sonona. Dawa za kwanza zilimlaza mchana kutwa. Za pili zilimvimbisha uso, na huzuni ikabaki palepale. Safari hii daktari alimwanzishia kidonge kipya.

"Dawa zimepiga hatua," alimwambia. "Lakini kidonge hiki hakitaanza kufanya kazi kesho asubuhi. Vuta subira, na usikiache."

Akavuta subira. Kwanza ulirudi usingizi, kisha ladha ya chakula, kisha vicheko vyote vilivyokuwa vimemgomea, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikienda kwa mwenyewe. Watu walipulizwa njiani, wakasimama, wakakumbuka walichowahi kusema, wakashika njia.

Vingi vilikuwa vya binti yake. Tangu akiwa mdogo, binti alikuwa akifanya kila kituko kando ya kitanda, na mama amegeukia ukutani. Sasa akitoka shule alitupa mkoba, akakaa kwenye stuli na kungoja. Kikaja kimoja, kikamtikisa kola.

"Hiki cha nini, mama?"

"Cha siku uliyovaa viatu vya baba yako mikononi, ukatembea kama mbuzi."

"Nilidhani hukuniona."

"Nilikuona, mwanangu. Niliviona vyote. Kucheka ndiko kulikonishinda."

Binti akalia kidogo, akafuta pua, akasogeza stuli karibu zaidi.

"Haya, lete kingine."

Jumamosi akaja kaka mkubwa wa msusi. Huyu miaka yote alisema dada yake anadeka, maana ugonjwa gani usio na homa? Aliwahi hata kuzimwaga dawa zake chooni, ili ajifunze kujikaza.

"Changu kimenikuta kituoni," alisema, akiketi. "Kile cha siku nilipokimbizwa na jogoo. Lakini unaona sasa? Si nilikwambia? Ungejikaza tu tangu mwanzo, yangekwisha zamani."

Mwalimu wa hesabu, aliyekuwa amerudi kusukwa, akakohoa. Binti akamtazama mama yake. Msusi akaweka kitana chini, akacheka mpaka akajishikilia kwenye kiti, na kofia ya kaka yake ikaruka hadi mlangoni.

"Na hiki cha lini?" akauliza kaka.

"Cha sasa hivi, kaka."

Kaka akaridhika. Akaiokota kofia, akaikung'uta, akaivaa, akamweleza mwalimu kwamba siri yote ni kujikaza.