Baron Sud Chini ya Meza

Éliakim Kasonia alizaliwa Kayna, kusini mwa Lubero, na kwa sababu hiyo alijiita Baron Sud. Watu wa Butembo walitabasamu waliposikia jina hilo, maana kwao kusini ni kule kunakotoka viazi na maharagwe, si mabaroni. Lakini Éliakim alikuwa ameshaamua. Alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti nene kuliko kifua chake, na alikuwa na koti la manyoya alilolipata sokoni kwenye mitumba. Vifungo vya koti hilo vilikaa upande wa kushoto, yaani lilikuwa koti la mama fulani wa Ulaya, ila hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Aliimba trap, muziki ule wa besi nzito na vishindo vidogovidogo vinavyochachatika kama mahindi kwenye kikaango. Midundo yake ilitengenezwa na Mélanie, msichana wa Bulengera aliyesomea umeme. Studio yao ilikuwa chumba kimoja kilichosimamishwa magodoro kutani ili majirani wapate usingizi.

Ndani ya nyimbo zake Baron Sud alikuwa mtu wa kutisha. Alilala na kalash kitandani, alikunywa chai na risasi, adui zake walihama mji kabla hajaamka. Nje ya nyimbo alilala kwenye kitanda cha mbao nyumbani kwa shangazi yake, Marie-Jeanne, mkubwa wa akina mama wa parokia, na hakuwahi kushika bunduki hata siku moja. Aliletwa Butembo kusoma akiwa bado mtoto, kabla vita havijafika kwao. Siku moja risasi za kweli ziliposikika mbali, upande wa Vuhovi, yeye alikuwa chooni, na alibaki humo mpaka shangazi akamletea chakula mlangoni.

Lakini watu walipojua kwamba anatoka Kayna, na kwamba njia ya kule imefungwa na vita, walijaza wenyewe yaliyobaki. "Yule ameonaka mambo," vijana wa pikipiki walisemezana. Éliakim hakukanusha. Alivaa miwani nyeusi akanyamaza, na ukimya ule ulimfanyia kazi kuliko nyimbo.

Shangazi ndiye hakudanganyika.

"Éliakim, mutoto yangu, ile bunduki unaimbaka, uliitoa wapi?"

"Tantine, ile ni art."

"Basi ile art ilale inje. Humu mu nyumba yangu kunalalaka bakristu."

Wimbo wake "Kaa Mbali" ulipita kwenye simu za vijana kama mafua. Ukafika Beni, na huko mtu mmoja wa kuandaa tamasha, Paulin, akampigia simu kumwalika. Éliakim alipokata simu aliruka juu, kisha akakumbuka yeye ni nani, akavaa miwani.

"Tutaanzisha na risasi," alimwambia Mélanie. "Salle iko giza, watu kimya, halafu ta-ta-ta-ta! Ndipo ninatokea mimi."

Mélanie alimtazama. "Ku Beni, Éliakim? Beni?"

"Njo vile bataniogopa."

"Batakuogopa, ndiyo," alisema Mélanie, akageukia midundo yake.

Jumamosi asubuhi walipanda taksi. Kadiri walivyoiacha baridi ya Butembo na kuteremkia Beni, ndivyo koti la manyoya lilivyozidi kuwa adhabu. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye soksi. Mélanie alimshauri alivue. "Baron hatokake jasho," alijibu, akipangusa uso kwa mkono wa koti, na manyoya mawili yakabaki kwenye mdomo wake.

Beni, mji uliozoea mashambulizi ya usiku, tamasha huanza mchana, ili kila mtu awe kwake kabla ya giza. Ukumbi, ile salle aliyoiota Éliakim, ulijaa: vijana, wanafunzi, akina mama na watoto wao, wauza maji, na karibu na mlango mama mmoja aliyeuza beignets, yaani mandazi, kwenye beseni. Askari wachache walilinda, wakiongozwa na adjudant Stanislas, mtu mrefu wa Kasai aliyetumwa huku kikazi. Madirisha yalifungwa. Éliakim alisimama kwenye jukwaa gizani, micro ya kuimbia mkononi, meza ya chupa za sucrés, yaani soda, nyuma yake, na maspika makubwa mara tatu ya yale ya studio yao yakiwa karibu na masikio yake. Mélanie alibonyeza.

Ta-ta-ta-ta-ta!

Kabla hujapepesa macho, salle nzima ilikuwa chini. Hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyekimbia. Watu walilala sakafuni kwa ufundi, mama juu ya mtoto, kichwa kati ya mikono, kama wanaofanya jambo walilolifanya mara nyingi. Askari nao walikuwa chini. Ila aliyewatangulia wote alikuwa Baron Sud mwenyewe. Kishindo cha maspika kilimtoa akili, akasahau kwamba risasi zile ni zake. Alizama chini ya meza ya sucrés na koti lake, chupa zikamwangukia mgongoni.

Mélanie alizima risasi mara moja. Micro hakuizima. Na katika ukimya ule, maspika makubwa mara tatu yalitoa sauti nene inayotetemeka:

"Salamu Maria, umejaa neema... Mama Maria, unikinge. Nikipona leo, trap naiacha. Hapana, trap siachi, lakini korali ya parokia nitarudia, nakuapia. Répétition zote. Ténor ya pili, sawa zamani. Na tantine basimuambie kama nilikufa na hii koti."

Kisha mtu mmoja alicheka akiwa bado amelala kifudifudi. Wa pili akamfuata. Dakika haikupita, salle yote ilikuwa inacheka, watu wakiinuka na kukung'utana vumbi, wengine wakicheka huku wanafuta machozi ambayo hayakuwa ya kicheko.

Adjudant Stanislas hakucheka. Alipanda jukwaani, bereti yake imejaa vumbi.

"Nani abeti masasi?" aliuliza kwa Lingala. "Nani amepiga risasi?"

"Ni ordinateur, mon adjudant," alijibu Mélanie.

"Ordinateur iko na ruhusa ya kubeba silaha?"

Adjudant aliichukua kompyuta, akaiweka peke yake kwenye kiti, na akasimamisha askari mmoja pembeni yake. Kisha akainama kuchungulia chini ya meza, ambako manyoya yalikuwa yanatokeza.

"Huyu ni mutu ao ni mbuzi?"

Éliakim alitoka akitambaa. Miwani ilikuwa imebaki na kioo kimoja.

"Njo wewe unaimbaka kama unalalaka na kalash mu kitanda?"

"Ile ni art, mon adjudant."

"Art." Adjudant alilitafuna neno lile. "Mimi nalalaka nayo tangu nilikuwa kijana. Inaumizaka mbavu. Hapana kitu ya kuimba."

Watu walicheka tena, na Éliakim angetamani sakafu ipasuke immeze. Aligeuza macho kuwakimbia, ndipo akamwona yule mama wa beignets. Alikuwa bado ameketi chini kando ya mlango, amemkumbatia binti yake mdogo, beignets zimetapakaa vumbini. Yeye peke yake hakuwa akicheka.

Éliakim alishuka jukwaani, akamwendea. Watu wakampisha.

"Mama, unisamehe."

Mama huyo, Kavuo, alimtazama kwanza. "Wewe ni wa wapi?"

"Wa Kayna."

"Baba na mama?"

"Bako kule. Réseau ya simu inakatakataka, siku zingine sibapate."

"Basi ile sauti, bo banaisikia. Na siye tunaisikiaka." Hakupandisha sauti. "Sasa wewe unaalika batu baingie, uibasikilizishe tena?"

Maneno yote makali aliyokuwa nayo, hakuna hata moja lililofaa hapo. Alipiga magoti akaanza kuokota beignets, na koti likawa linafagia vumbi nyuma yake. Yule binti, Shalom, alinyoosha kidole akagusa manyoya.

"Inaumaka?"

"Hapana. Inaunguzaka tu."

Alilivua. Ndani alikuwa amevaa fulana ya jubilei ya parokia, yenye picha ya kanisa na njiwa. Salle ilipasuka upya. Safari hii Éliakim naye akacheka, kwanza kidogo, kisha mpaka mbavu zikamuuma, na alijisikia mwepesi kama mtu aliyetua gunia la viazi.

"Imba!" mtu alipaza sauti. "Imba ile sala!"

"Imba ile sala!" wengine wakaitika.

Alimtazama Kavuo. Kavuo alikuwa akipanguza beignet moja kwa kanga yake. "Imba basi," alisema. "Batu batoke hapa na sauti ingine mu masikio."

Mélanie alimwendea adjudant kuomba kompyuta. Adjudant alifikiri. "Ninaipatia liberté provisoire," alisema hatimaye, kama anayemwachilia mfungwa kwa muda. "Ikipiga tena, inalala mu cachot."

Besi ilianza, taratibu, bila risasi. Éliakim hakuwa na wimbo wowote kichwani. Alifunga macho, akasema tu ya kweli, moja baada ya lingine, jinsi yalivyokuja:

"Naogopa imbwa ya jirani, ile haifungwake na kamba,
Naogopa pikipiki mu matope, dereva anasema 'hakuna shida, panda',
Naogopa tantine akinyamaza, kuliko akinigombeza,
Mimi ni Baron wa Sud, baron wa chini ya meza!"

Mstari wa mwisho ulirudishwa na salle nzima. Kisha wakaanza kumtupia woga wao, naye akiudaka na kuupanga kwenye mdundo.

"Naogopa mama-mukwe!"

"Naogopa bulletin ya masomo ya batoto!"

"Naogopa mutation," alisema adjudant kwa sauti ya chini, akimaanisha kuhamishwa kituo. Askari wake wakageuka wote kumtazama.

Kavuo hakupaza sauti. Lakini Éliakim alipopita karibu naye alimsikia akisema, kama anayezungumza na beseni lake, "Naogopa kuzoea." Hilo hakulitia kwenye wimbo. Aliliacha lilivyo, akanyamaza mipigo michache, besi ikaendelea peke yake.

Video ilifika Butembo kabla yao. Tangu waliposhuka taksini vijana wa pikipiki walimsindikiza na honi: "Salamu Maria! Baron, Salamu Maria!" Éliakim alitembea ameinamisha kichwa, koti limekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Nyumbani shangazi alikuwa ameketi sebuleni, simu juu ya mapaja. Alimwekea bugali na sombe, akamtazama akila bila kusema kitu. Hicho ndicho kimya chenyewe.

Alipomaliza, shangazi alifungua kinywa. "Répétition ya korali ni kila samedi, saa kumi."

"Tantine, ile ilikuwa woga tu."

"Mama Maria alikuuliza kama ni woga? Uliapa mbele ya Beni yote, tena na micro."

Éliakim akaenda mazoezini. Mwalimu wa korali alimpanga kwenye ténor ya pili, na mara mbili ilibidi amkumbushe kwamba katika Gloria hakuna kusema "yeah". Siku za kazi alijifungia na Mélanie kati ya magodoro, wakarekodi "Chini ya Meza". Wimbo huo ulikwenda mbali kuliko "Kaa Mbali". Wauza sombe waliuimba wakikata majani, wanafunzi waliuongezea mistari yao, na dereva mmoja wa lori aliuandika kwenye ubao wa nyuma wa gari lake. Wapo waliomkimbia pia. Vijana wa miwani nyeusi walisema Baron amelainika, wakaanza kumwita Frère Sud, kama mtawa. Hilo lilimuuma. Alikaa jioni nzima mbele ya kioo akijaribu kuurudisha uso wake wa zamani, mpaka mbwa wa jirani akabweka, akashtuka, akagonga paji la uso kwenye kioo.

Kisha Paulin alipiga tena kutoka Beni. Watu walikuwa wanamdai Baron, Jumamosi ijayo. Kabla Éliakim hajajibu, mkono wa shangazi ulikuwa umeshaichukua simu.

"Samedi ako na répétition."

"Mama, sisi tunaweza kumuongezea—"

"Mama Maria hauzwake. Fanyeni vendredi."

Tamasha likawekwa Ijumaa. Na shangazi akasema atakwenda, kwa sababu mtu aliyeimbwa na mji mzima ana haki ya kusikia anasemwa nini.

Alikaa mstari wa mbele, kitambaa cha akina mama wa parokia kichwani, mgongo wima. Kavuo alikuja na beseni akakaa kando yake, wakajuana, na baada ya muda walikuwa wanasengenya bei ya mafuta kama ndugu. Mélanie alianzisha besi. Éliakim alitoka na fulana tu, bila koti wala miwani, akaimba mbwa, akaimba pikipiki, na salle ikaimba naye. Alipofika mstari wa tantine, macho yake yalimwangukia shangazi.

Shangazi alikuwa kimya. Uso wake haukuonyesha kitu.

Maneno yote yalimtoka kichwani. Alisimama, mdomo wazi, micro hewani. Besi ilizunguka mara moja, mara mbili. Salle nzima iligeuka kumtazama Marie-Jeanne, na adjudant Stanislas pale mlangoni akavua bereti.

Shangazi alisimama. Alinyanyua mkono kuomba subira, akatafuna, akameza.

"Munaniangalia nini?" alisema. "Miye sikunyamaza. Nilikuwa na beignet mu kinywa. Wewe, Éliakim, imba!"

Kelele zilizolipuka zilitikisa mabati. Mélanie akashusha besi yote aliyokuwa nayo, na Éliakim, akicheka kiasi cha kukosa pumzi, akauanza mstari upya.