Filimbi ya Pili

Kwetu Butembo, asubuhi bendera inapopandishwa mbele ya ofisi ya komini, yaani serikali ya eneo letu, kila mtu husimama. Filimbi inapigwa, na wenye pikipiki wanazima injini, mama mwenye beseni la viazi anasimama nalo kichwani, hata watu waliokuwa wakigombana wananyamaza kwanza. Filimbi ya pili ikilia, kila mmoja anaendelea na safari yake, na wale wagomvi na ugomvi wao. Jambo hilo halifundishwi darasani. Mtoto hulijua kabla ya kujua kusoma, kwa kuvutwa mkono na mama yake.

Lukman alikuwa na miaka saba na alikuwa bado hajalijua.

Ni mtoto wa dada yangu Hadjara, anayeuza vitenge sokoni. Hakuwa mkaidi. Alipenda kitambaa kuliko kitu kingine chochote. Angeweza kushinda dukani akinyanyua pindo la kitenge na kuliachia, akitazama linavyoanguka, kisha akalinyanyua tena. Maneno yake yalikuwa machache, na mengi aliyarudia vilevile tulivyoyasema sisi. Sasa fikiria mtoto kama huyo amesimamishwa mbele ya bendera inayopepea.

Shule yake iko Vulamba, jirani kabisa na ofisi ya komini. Wiki ile ile aliyoanza darasa la kwanza, wenzake wakiwa wanaimba, alipita katikati ya mistari, akaenda kuishika bendera kabla haijapanda. Wimbo ukakatika. Polisi wakavuka kutoka komini kuja kumuuliza mkuu wa shule analea watoto wa namna gani.

Mkuu huyo, Bwana Gamaliel, alituita. Ni mtu mpole, na siku ile alionekana kuona aibu kuliko sisi.

"Mama Lukman, mimi simukatae mutoto," alimwambia dada yangu. "Mais, lakini bale ba komini banatuangalia kila siku. Siku atasimama kwa bendera sawa benzake, siku ile umurudishe. Benchi yake itamungoja. Sasa hivi, hapana."

"Na kama hatasimama, Directeur?"

Gamaliel alilifunga daftari lake la majina.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye ncha ya kiti. Nimesomea ualimu, na nilikuwa na la kusema, ila mimi ni mtu ambaye maneno humfikia akiwa tayari ameshafika nyumbani.

Ukoo mzima ulikuwa na ushauri. Shangazi mmoja alisema ni jini. Tulimpeleka kwa shehe, naye akamsomea dua taratibu, kisha akatuambia kwamba huyu anahitaji walimu kuliko yeye. Mteja mmoja wa dada yangu ndiye aliyetuelekeza Beni, mtaa wa Bungulu, kwa mama mmoja aitwaye Mariette, anayewasaidia watoto wa namna hii katika chumba nyuma ya kanisa la Waprotestanti. Jumaine, mume wa dada yangu, anaendesha Fuso kati ya Butembo na Beni, kwa hiyo tulipanda naye mbele, Lukman akiwa katikati yetu amefunikwa kichwa kwa kitenge, maana honi zilimuumiza.

Mariette hakuanza na maswali. Alikaa chini kwenye mkeka, akanyanyua pindo la kitenge chake mwenyewe, akaliachia. Akalinyanyua tena. Lukman, aliyekuwa amejificha pembeni, alisogea kidogo. Halafu kidogo tena. Mwishowe alikuwa ameketi karibu yake, na pindo liko mkononi mwake.

"Atapona?" dada yangu aliuliza. Alikuwa amelibeba swali hilo tangu nyumbani.

"Mama, hii haiko malaria. Inaitwa autisme, usonji. Kichwa yake inapokea dunia kwa njia ingine. Tutamusaidia aishi na sisi, na sisi tujifunze kuishi na yeye."

Ukutani kulikuwa na kamba yenye picha zilizobanwa kwa vibanio vya nguo: mtoto ananawa, anavaa viatu, anakula. Mtoto akimaliza jambo moja, anaiondoa picha yake na kuona linalofuata. Mariette alitupa picha za kwenda nazo. Dada yangu alizishika kwa mikono miwili mpaka Butembo.

Picha zilisaidia. Asubuhi za nyumbani zilipungua makelele. Lakini hamu ya dada yangu ilikuwa shule, na Jumaine hakuwa na subira.

"Picha ni muzuri," alisema. "Mais komini haipigake picha. Inapigaka filimbi."

Akanunua filimbi sokoni. Kila jioni alisimama uani na kupuliza, na sisi sote tukakauka pale tulipo: dada yangu na mwiko mkononi, mimi na ndoo. Akipuliza mara ya pili, tunaendelea, na Lukman anapewa karanga.

"Baba Lukman!" jirani yetu Kataliko alipiga kelele juu ya ukuta wa miti. "Umefungua komini kwako? Na kodi tutalipa hapo?"

"Lipa na ya mwaka jana!" Jumaine alijibu, akapuliza, na Kataliko mwenyewe akasimama wima bila kupenda.

Tulicheka sana siku zile. Na Lukman alijifunza. Filimbi ikilia, alisimama kama nguzo, mikono imenyooka, mpaka ilie tena. Dada yangu alianza kumpigia pasi sare ya shule. Lakini alisema tupite kwanza Beni, Mariette aone.

Jumaine alitushusha karibu na rond-point, mzunguko wa barabara katikati ya mji. Tulikuwa tunavuka, Lukman ameshikwa mkono na mama yake, wakati polisi wa barabarani alipompulizia filimbi mwenye pikipiki mmoja aliyebeba watu watatu.

Lukman akasimama. Katikati ya barabara, mikono imenyooka, macho mbele.

Dada yangu alimvuta. Alimwita. Akajaribu kumbeba, na mtoto akatoa sauti ambayo sitaki kuieleza, akajikaza zaidi. Pikipiki zilianza kujaa pande zote.

"Mama, toa sanamu yako mu njia!"

"Iko naroga huyu! Muangalie macho!"

"Piga yeye kidogo, atatembea!"

Nilimwona dada yangu anainama na kumzungushia mtoto mikono yake, kama mtu anayekinga taa isizimike. Hakuwa na filimbi. Jumaine alikuwa ameshaondoka nayo shingoni.

Sikuwa nimewahi kumsemesha polisi. Nikiwaona, nabadilisha upande wa njia. Siku ile miguu yangu ilinifikisha kwake kabla sijafikiri.

"Papa," nilisema, "tafazali, piga tena filimbi. Mara moja tu."

Aliniangalia toka juu mpaka chini. "Mudada, ni wewe sasa unanipatia ordre, unaniamuru?"

"Hapana, chef. Ule mutoto anangoja ya pili. Kama hujapiga, hatatoka."

"Ya pili ya nini?"

"Ya bendera."

Alimtazama Lukman, alivyosimama vizuri kuliko askari wengi. Uso wake ukabadilika. Akaweka filimbi mdomoni, akapuliza, ndefu, kama inavyopulizwa kwenye komini. Lukman akalegea, akamshika mama yake mkono, akaanza kutembea. Kisha, mbele ya rond-point nzima, akamnyooshea polisi kiganja.

"Anaomba nini?"

"Karanga," nilisema.

Polisi alicheka, na wenye pikipiki nao wakacheka, na njia ikafunguka.

Tulipomsimulia Mariette, naye alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha akatulia, akamshika dada yangu mkono.

"Mumemufundisha filimbi, mama. Bendera, bado. Hajue kwa nini anasimama, hajue inaisha wapi. Filimbi ziko nyingi mu dunia. Mu mupira, kwa polisi ya roulage ya barabara, kwa sentinelle mwenye kulinda nyumba. Atasimama kwa zote?"

"Sasa tutafanya aje?" dada yangu aliuliza. "Directeur anasema asimame."

"Atasimama. Mais hatutamuachia kazi yote peke yake. Na shule ipige hatua yake."

Alichora picha tatu. Bendera iko chini. Bendera iko juu kabisa. Mlango wa darasa. Alimwambia dada yangu akate kipande cha kitenge, Lukman akishike mkononi wakati anaingoja bendera, ili vidole vyake viwe na kitambaa chao. Na Gamaliel aombwe kumweka mbele, mahali anapoiona nguzo yote, badala ya kumficha nyuma.

"Nani atamuambia Directeur?" Mariette aliuliza.

Dada yangu aligeuka akanitazama. "Aisha ataenda. Ameshaongea na polisi."

Nilikwenda. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitanyamaza. Gamaliel alizipanga zile picha mezani moja baada ya nyingine.

"Mumulete siku ya kwanza," alisema, akimaanisha Jumatatu. "Tutaona. Mais, mudada, ikiharibika tena, sitakuwa na namna."

Jumatatu tulisimama nje ya ua, dada yangu, Jumaine na mimi. Lukman alikuwa mbele, kipande cha kitenge mkononi, picha zikining'inia kwenye kamba shingoni. Filimbi ililia. Wimbo ulipoanza aliziba sikio moja. Jingine lilibaki wazi kwa sababu mkono ule ulikuwa na kazi ya kukunja na kukunjua kitambaa. Hakutoka kwenye mstari. Bendera ilipanda, mvulana wa darasa la sita akivuta kamba, na Lukman aliifuata kwa macho.

Wimbo uliisha. Filimbi ya pili ikalia. Mistari ikavunjika, watoto wakakimbilia madarasani, vumbi likanyanyuka.

Lukman alibaki amesimama.

"Ee Mungu," dada yangu alisema, akanishika mkono mpaka kucha zikaingia.

Ua ulibaki mtupu, yeye peke yake katikati. Gamaliel alimwendea. Aliinama, akasema kitu ambacho hatukukisikia. Lukman hakumtazama. Alishika picha ya kati, ile ya bendera iliyo juu kabisa, akaigusa kwa kidole, kisha akanyoosha kidole kile juu.

Gamaliel akanyanyua kichwa. Nasi tukanyanyua vichwa vyetu.

Kamba ya bendera ilikuwa imekwama. Bendera ilikuwa imeishia katikati ya nguzo, kama siku ya msiba, na shule nzima, walimu kwa wanafunzi, ilikuwa imeimba, ikaipa mgongo na kuondoka.

Mkuu wa shule aligeuka haraka kutazama upande wa komini, kama kuna aliyeona. Kisha akaishika kamba mwenyewe. Akavuta, akaitikisa, akavuta tena, miwani ikimteleza puani, na bendera ikapanda kwa kurukaruka hadi juu kabisa. Hapo Lukman aliiondoa picha ya kati, akatazama ya mwisho, ile ya mlango, akatembea kwenda darasani bila kukimbia.

Gamaliel alikuja ukingoni mwa ua tulipokuwa, anapangusa mikono.

"Mama Lukman," alisema, "yeye ako na haki. Haikukuwa imefika."

"Sasa, Directeur?"

"Sasa nini? Ameingia mu classe. Wewe mwenyewe umeona." Alirekebisha miwani, akaniangalia mimi. "Mudada, zile picha, unaweza kumuchorea na ya kengele? Ya récréation, ya mapumziko, inalia sana. Hiyo itamusumbua."

Ilimsumbua kweli. Siku ile ile, kengele ilipogongwa, alilia chini ya benchi mpaka mwalimu wake akaja kukaa sakafuni karibu naye. Lakini alilia akiwa shuleni, na benchi lilikuwa lake.

Jioni niliketi na kalamu za rangi nikijaribu kuichora kengele. Jumaine aliivua filimbi shingoni, akaiweka juu ya kabati, mbali kabisa na mkono wa mtu.